Gauni la Dada Kicheko

Mwenye nyumba alikuwa mtu wa kujibu hata asiyoulizwa, na asubuhi ile ya Jumanne Inspekta alimwachia aseme mpaka achoke. Alimwacha amesimama mlangoni, funguo zikimning'inia kidoleni, mwenyewe akazunguka chumba cha mpangaji taratibu, mikono nyuma, bila kugusa kitu. Kituoni walimwita Kobe. Walimwita hivyo mbele yake, naye aliitika.

"Amekimbilia kwa mwanamke," mwenye nyumba akasema. "Andika hivyo afande, ufunge jalada, kila mtu aendelee na shughuli zake."

"Mwanamke gani?"

"Mwenye gauni."

"Gauni gani?"

Mwenye nyumba alinyoosha kidole kwenye msumari nyuma ya mlango. Ulikuwa umebaki na hanga tupu.

"Hapo palikuwa na gauni la harusi. Jeupe, refu, la kufagia sakafu. Nililiona kwa macho yangu nilipokuja kutengeneza bomba. Jumamosi mchana jamaa katoka na begi, hakuaga. Leo gauni halipo. Sasa hapo unataka ushahidi gani tena, cheti cha ndoa?"

"Huyo mwanamke uliwahi kumwona?"

"Sijamwona. Na ndilo linaloniudhi, maana gauni lenyewe lilikuwa pana kama pazia. Mwanamke wa kulijaza lile angepanda ngazi zangu ningesikia."

Dada mkubwa wa aliyepotea alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kwa miadi ambayo hana uhakika nayo. Alikuwa amepigiwa simu na Inspekta alfajiri, na hapo ndipo alipojua kwamba mdogo wake haonekani.

"Mdogo wangu hana mchumba," alisema. "Angekuwa naye ningejua."

"Mara ya mwisho mlizungumza lini, dada?"

Akafikiri. Akafungua mkoba, akaufunga.

"Kwenye msiba wa shangazi."

"Ulikuwa lini?"

"Mwaka juzi," alisema, na sauti ikamshuka.

Inspekta hakumsukuma zaidi. Chumba kilikuwa kimesema mengi tayari. Kitanda cha mtu mmoja, kiti kimoja, kikombe kimoja kimepinduliwa juu ya taulo. Mezani kompyuta mpakato kuukuu, na pembeni yake mfano wa taya la plasta wenye meno yote, maana mwenye chumba alikuwa fundi wa meno ya bandia katika kliniki ya daktari wa meno, mtaa wa tatu kutoka hapo. Nguo zake zilikuwepo. Wembe ulikuwepo. Mswaki ulikuwepo. Inspekta aliutazama ule mswaki kwa muda. Mtu anayekimbilia kwa mwanamke, hata awe amepagawa namna gani, hasahau mswaki. Na huyu meno ndiyo kazi yake.

Kesi yenyewe ilikuwa imeanza kama mzaha. Jumapili, Inspekta akiwa zamu, aliingia msusi mmoja wa makamo, vipande vya rasta vimemganda kwenye mikono ya sweta, akasema rafiki yake amepotea. Jina la rafiki? Dada Kicheko. Jina la kweli? Halijui. Anaishi wapi? Hajui. Ana sura gani? Hajawahi kumwona. Wenzake wa zamu walishika mbavu. Msusi aliwasubiri wamalize kucheka, kisha akaendelea. Dada Kicheko huandika hadithi za mapenzi za kuchekesha, alieleza, huziweka mtandaoni bure, sehemu mpya kila Jumamosi jioni, mwaka hadi mwaka. Akiugua huandika. Umeme ukikatika huomba radhi. Jumamosi hii kimya, ujumbe hajibu, na sehemu iliyopita iliishia bibi harusi amekimbia harusi yake na kujificha kwenye chumba cha eksirei, fundi meno akiwa humo humo, mlango umejifunga.

"Yule hawezi kumwacha bibi harusi ndani ya chumba kile namna hiyo," msusi alisema. "Limempata jambo."

Inspekta akachukua kalamu. Jumatatu ilikuwa sikukuu na ofisi zimefungwa, lakini mwenye tovuti alipatikana kwa simu, akatoa namba aliyojisajilia Dada Kicheko. Namba ile ilikuwa ya mwanamume. Ilikuwa ya fundi meno wa kweli, mpangaji wa chumba hiki, na haikuwa ikipatikana. Siku iliyobaki Inspekta aliimalizia nyumbani kwake akisoma hadithi zote za Dada Kicheko, kazi ni kazi.

"Mdogo wako anaandika hadithi," alimwambia sasa yule dada. "Za mapenzi. Za kuchekesha. Kwa jina la kike."

Dada mtu alimtolea macho. "Huyu? Huyu salamu tu anaitikia kwa kichwa."

"Ni za kuchekesha kweli."

"Ana wasomaji?"

"Wanatosha," Inspekta alisema, akageukia dirishani.

Hapo alikuwa ameficha jambo. Chini ya kila hadithi kulikuwa na msururu wa pongezi: Binti Asali anacheka mpaka anatoka machozi, Mzee Kijana anaomba sehemu ya pili, Jirani Mwema anasema hajapata kuona mwandishi kama huyu. Inspekta alitaka kuwahoji wote. Mwenye tovuti aliwaangalia mmoja mmoja, akasema wote wamesajiliwa kwa namba ile ile. Binti Asali alikuwa fundi meno. Mzee Kijana alikuwa fundi meno. Aliandika hadithi, akajipongeza, akajishukuru kwa pongezi. Ukiwaondoa hao, Dada Kicheko alikuwa na wasomaji wawili duniani: msusi, aliyejiita Mama Misuko, na mmoja aliyejiita Mkweli Mchungu. Inspekta hakuona faida ya kumweleza hayo mtu wa familia.

"Kuna siku alinaswa dirishani," mwenye nyumba alisema ghafla, maana kimya kilikuwa kimemshinda.

"Dirisha lipi?"

"La choo. Kichwa na mikono nje, miguu ndani. Tukamvuta mimi na jirani. Anasema alisahau ufunguo. Tunamtoa, ufunguo unamdondoka mfukoni. Nikamuuliza, bwana wewe, una akili timamu? Akasema alikuwa anataka kujua tu kama mtu anaweza kupita."

Inspekta aligeuka taratibu. Katika hadithi ya nne ya Dada Kicheko, mchumba anatoroka kudaiwa mahari isiyo yake kupitia dirisha la choo, ananasa kiunoni.

"Ndivyo alivyo," dada mtu alisema, na kwa mara ya kwanza uso ukamlegea. "Tangu utotoni. Aliambiwa ukila sabuni unatoa mapovu mdomoni, akala mche mzima. Mama akamchapa, akasema, sasa najua. Hawezi kusema kitu ambacho hajakifanya."

Inspekta alitoa simu, akampigia msusi. Alipokea kabla haijalia mara mbili.

"Mama, Dada Kicheko aliwahi kukwambia anapata wapi mambo anayoyaandika?"

"Anayajaribu kwanza," msusi alisema. "Nilidhani ni maneno tu. Alisema asipojaribu mkono haushuki kwenye herufi. Kuna nini? Mmempata?"

"Bado. Na Mkweli Mchungu unamfahamu?"

"Yule? Yule ni mkorofi wa kuzaliwa. Hana raha mpaka aharibu raha ya mwenzake. Wiki iliyopita kamtisha dada wa watu hadharani. Kamwandikia, 'Jaribu uone.'"

Hayo Inspekta alikuwa ameyasoma, na ndiyo yaliyomnyima raha tangu jana. Mwenye tovuti alikuwa amempa na namba ya Mkweli Mchungu. Aliipiga palepale. Ikapokelewa na mzee mwenye kikohozi.

"Nimtishe kwa lipi?" mzee alifoka alipoelezwa. "Mimi nimefunga mashine za eksirei mpaka nikastaafu. Huyo dada kaandika mlango wa chumba cha eksirei umejifunga. Haujifungi. Una bati la risasi ndani yake, yale madini mazito, kuuvuta tu unataka mtu mwenye kifua. Ukiuacha wazi unakaa wazi. Nikamwambia aache kudanganya watu, na kama anabisha ajaribu aone. Kuna tusi hapo?"

"Hakuna, mzee. Simu ya mkononi inapokea mawimbi ndani ya chumba kama hicho?"

"Ndani ya risasi? Labda ukipigie simu kiatu."

"Vyumba hivyo bado vipo mjini?"

"Vya zamani vimebaki vichache. Madaktari wa meno wa kizamani walikuwa navyo..."

Inspekta alikata simu katikati ya sentensi, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Mwenye nyumba alisimulia baadaye kwamba siku hiyo alimwona Kobe akikimbia, na watu walidhani anatia chumvi.

*

Daktari wa meno alikuwa ameshafungua, mgonjwa wa kwanza yuko kitini, mdomo wazi. Alitoka na glavu mkononi, hasira zimemjaa.

"Fundi wangu hajaja leo. Nina watu wawili wanasubiri meno yao. Mkimpata mwambieni."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jumamosi. Tunafunga mchana."

"Ulimwona akitoka?"

Daktari alisita. "Mimi kwa kweli huwa simwoni. Yuko chumba cha nyuma, ana mlango wake wa uani. Kazi tunapitishiana kwenye kidirisha. Naweka vipimo, napokea meno."

"Kwa hiyo unachokiona ni nini?"

"Mkono," daktari alisema, na ilionekana hakuwa amewahi kulisikia jambo hilo kwa masikio yake mwenyewe.

"Yuko hapa mwaka wa ngapi?"

"Alikuja nilipofungua kliniki. Nywele zangu zilikuwa nyeusi."

Chumba cha nyuma kilinuka plasta na nta. Kila patasi ilikuwa mahali pake. Nyuma ya mlango wa uani kulikuwa na msumari, na juu ya msumari huo suruali, shati na koti la fundi, vimetundikwa vizuri. Chini yake viatu vya kiume, soksi zimewekwa ndani. Pembeni begi, liko wazi, tupu.

Daktari alitazama nguo, akamtazama Inspekta. "Ametoka uchi?"

"Hakutoka. Una chumba cha zamani cha eksirei?"

"Kipo kule mwisho wa korido. Hatukitumii, tumeweka makopo ya rangi."

"Mlango wake unajifunga wenyewe?"

"Zamani haukuwa unajifunga. Ulikuwa unabaki wazi, vumbi linanijia kwa wagonjwa. Mwezi uliopita nikauwekea springi, moja kubwa ya geti, ukiuachia unarudi. Fundi hata hajui, huku hajawahi kufika. Kitasa cha ndani kiling'oka siku nyingi, lakini nani anaingia..."

Hakuimalizia. Walikuwa wameshafika. Daktari aliushika mlango kwa mikono miwili, akauvuta, springi ikalia.

Alikuwa amekaa sakafuni chini ya sinki, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Alikuwa amevaa gauni la harusi, na kwa upana wake wote lilikuwa limembana. Lilikuwa jeupe kifuani, na chini limechafuka rangi na vumbi. Juu ya gauni kulikuwa na uso wa mwanamume wa makamo, masharubu ya mvi, midomo imepasuka. Juu ya kichwa chake bomba lililokuwa la kusafishia filamu lilikuwa likivuja, tone baada ya tone, na tone hilo ndilo lililomweka hai. Simu ilikuwa pajani, imezimika.

Inspekta alipiga magoti, akamshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwepo, dhaifu. Macho yakafunguka.

"Kumbe unajifunga," fundi alisema.

"Unajifunga, ndugu yangu. Usiongee. Daktari, maji, na piga simu gari la wagonjwa."

Lakini fundi alitaka kuongea. Alimeza maji kidogo kidogo kutoka kwenye kikombe cha kusukutulia, akashika mkono wa Inspekta usiondoke.

"Mlinzi alipita. Jumapili. Anapiga mluzi."

"Hukumwita?"

Fundi aliangalia gauni.

"Nilisema kwanza nivue. Nikishavua, ndiyo niite. Zipu iko mgongoni. Nyumbani huwa naifungia kamba, naivuta nayo. Kamba ikakatika." Akapumzika. "Niliitafuta zipu mpaka mikono ikafa ganzi. Nilipoamua kuita hivyo hivyo, sauti ikawa imekwisha. Na yeye hakupita tena."

Daktari alikuwa amesimama mlangoni, chupa ya maji mkononi, hajui aangalie wapi. Pengine ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama fundi wake usoni tangu amwajiri.

"Gauni ulilihitaji kwa nini?" Inspekta aliuliza. Jibu alikuwa analo, ila alitaka mtu yule abaki macho.

"Kujua kama pindo linabanwa na mlango. Nilitaka libanwe. Ingechekesha." Akajaribu kutabasamu, mdomo ukapasuka zaidi. "Ni la watu wawili, lile jaribio. Mmoja anakuwa nje, afungue. Sikuwa na wa kumweka nje."

Viatu vilisikika koridoni. Msusi hakuwa amengoja kupigiwa tena. Alikuwa amekwenda kituoni, akaambiwa Kobe ametaja kliniki kwenye redio, akaja mbio. Inspekta alisimama upesi, akaziba mlango kwa mwili wake.

"Dada yuko wapi?" msusi aliuliza, akihema. "Yu hai?"

"Yu hai. Ana kiu tu."

"Nipishe basi."

Inspekta alijibana kwenye fremu ya mlango. Akampisha.

Msusi aliingia hatua moja. Aliangalia gauni, akaangalia masharubu, akazungusha macho pembe zote za chumba kile kidogo akitafuta mtu mwingine. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Mama Misuko," fundi alisema kwa sauti ndogo.

Msusi alirudi nyuma nusu hatua.

"Nilikueleza habari za mume wangu."

"Sikumwambia mtu."

"Nilikueleza hata yale ambayo mama yangu mzazi hayajui. Nilikuwa naongea na mwanamke mwenzangu."

"Najua. Nisamehe."

"Ulikuwa unanijibu vizuri," msusi alisema, na kilichomtoka kilikuwa kilio zaidi ya hasira. "Hakuna aliyewahi kunijibu vile."

Fundi alifumba macho. Msusi alisimama pale, mikono imeshikana tumboni, kama mtu aliyefiwa na ndugu mbele ya ndugu mwenyewe. Kisha akamwinamisha fundi mbele kidogo, akainama nyuma yake, akachomoa kitana chenye mkia mfukoni mwa sweta, akaingiza ncha kwenye meno ya zipu, akachokonoa mara moja, mbili. Vidole vile vilishazoea kufumua. Zipu ikateremka. Akavua mtandio wake, akamfunika mabega na kifua, akaupitisha vizuri mpaka ukaifunika sehemu yote ya juu ya gauni. Hayo yote aliyafanya bila kumtazama usoni.

Machela ilipopita koridoni, wagonjwa kwenye benchi walinyanyua shingo. Dada mtu alikuwa amepigiwa simu. Alisema atakuja moja kwa moja hospitali, akauliza mara mbili kama ni kweli yuko hai. Nje, mhudumu wa gari alifungua milango ya nyuma, akamgeukia msusi.

"Ndani anaingia mtu mmoja wa kumsindikiza. Mama, wewe unamjua mgonjwa?"

Msusi aliitazama machela. Fundi naye alikuwa akimtazama, na kila aliyekuwa pale, hata asiyejua kisa, alielewa kwamba mtu yule anasubiri hukumu.

"Simjui," msusi alisema. Akaondoka na njia, bila mtandio, mikono kifuani.

Inspekta akapanda.

Gari likaondoka. Mhudumu alining'iniza chupa ya dripu, akatafuta mshipa, akaupata, akaenda kukaa mbele na dereva. Fundi alikuwa ameelekeza macho kwenye dari.

"Wasomaji wangu," alisema. "Umeshajua, si ndiyo?"

"Nimejua."

"Wote?"

"Wote."

"Sasa nimebakiwa na mkorofi peke yake."

Inspekta alisogea karibu na machela. Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Jana nilizisoma," alisema. "Kuanzia ya kwanza. Ilinilazimu, kwa ajili ya jalada."

"Zote?"

"Nilicheka mara moja. Sana." Aliinamia kofia. "Mke wangu alifariki, watoto wana miji yao. Nyumba ile haina kelele. Nilishtuka, nikadhani kuna mtu ameingia."

Fundi aligeuza kichwa kwa shida. Ilikuwa ajabu jinsi macho yale yaliyokuwa yakizimika yalivyopata uhai.

"Ulichekea wapi?"

"Pale mshenga anapokalia keki."

"Alipoinuka, au alipokaa?"

"Alipokaa. Akajidai hajakaa, akaendelea kuhutubia."

Fundi alivuta pumzi ndefu, akaiachia polepole.

"Ile keki niliinunua kweli," alisema. "Nikaiweka kwenye kiti, nikavaa suti, nikaikalia."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikanyamaza."

Inspekta aliiona picha nzima: kiti kile kimoja, suti, na malai ya keki ikitiririka sakafuni mchana kweupe. Kicheko kilimpanda tena, akakizuia.

"Ilikuwa keki kubwa?"

"Kubwa," fundi alisema. "Dukani waliuliza ni ya watu wangapi, nikasema ni wengi."